Kadi za mkono kwa wino wa alkoholi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimeamua kuyakusanya maswali yote sehemu moja manake kila nikimpa mtu kadi kabla hata hajasema asante anaigeuza nyuma na mbele anauliza hii umeifanyaje. Sawa, majibu haya hapa. Ila kabla hujasoma lolote shika hili moja: wino huu ukikauka haujafa, umelala tu. Tone moja la spiriti linauamsha, hata kama uliupaka mwaka jana. Karibu kila tatizo utakaloona huku chini, na karibu kila ujanja pia, unatoka hapo hapo.

Wino wa alkoholi ndo wino gani hasa?

Ni rangi iliyoyeyushwa kwenye alkoholi badala ya maji. Unakauka haraka sana, ni angavu, yaani rangi ya chini unaiona kupitia ya juu, na hauingii ndani ya kitu, unakaa juu juu. Ni ndugu na wino wa makapeni za kudumu, zile ukiandika kwenye plastiki hazitoki kwa maji. Huja kwenye vichupa vidogo vyenye mdomo mwembamba wa kudondoshea.

Nitumie karatasi gani? Mi nimejaribu kwenye manila ukanywewa wote.

Lazima unywewe, manila ni nyuzi za mti, inakunywa kama kitambaa. Wino huu unataka uso usiopitisha kitu, laini, usio na vitundu. Kinachotumika sana ni karatasi ya plastiki, na maarufu zaidi ni Yupo, ambayo kwa macho ni karatasi nyeupe ya kawaida lakini ni polipropilini tupu, haichaniki kwa mkono kirahisi na maji hayaifanyi chochote. Juu yake wino unateleza, unakupa muda wa kuusukuma huku na kule, na usipoupenda unafuta.

Kama huna, usikae kusubiri. Chukua manila nyeupe, ipeleke wakaifanyie laminesheni, tayari una uso wa plastiki, na mimi mazoezi yangu ya kwanza yote nilifanyia hapo. Karatasi ya picha inayong'aa inakubali pia ila inashika wino haraka, haikupi nafasi ya kubadili mawazo, na kufuta hapo sahau. Plastiki angavu zile za kufunikia ripoti nazo zinafaa, ukibandika karatasi nyeupe nyuma yake rangi inawaka utadhani kioo cha dirisha.

Jambo moja watu wanalisahau, usiishike Yupo kwa vidole vitupu katikati. Mafuta ya ngozi yanabaki pale na wino ukifika hapo unakwepa, unakuachia alama ya kidole gumba katikati ya anga lako zuri la bluu. Shika pembeni, na kabla ya kuanza ipanguse kwa spiriti kidogo.

Spiriti gani sasa? Zipo nyingi.

Unayoitaka ni isopropili, na angalia asilimia kwenye chupa. Ya 99 au 91 ndo nzuri. Ya 70 maana yake asilimia 30 ni maji, na maji hayana haraka, spiriti inaruka yenyewe yanabaki nyuma, unapata madoa madoa na kingo zenye mikwaruzo. Sio kwamba haifai kabisa, wapo wanaoipenda makusudi ukitaka kitu kama mawe au ukungu, ila kama unaanza utafikiri unakosea wewe kumbe ni chupa.

Kuna spiriti ya kuoshea vidonda ambayo nyingine huwekwa mafuta ya nyonyo ili isikaushe ngozi, hiyo achana nayo, mafuta yatabaki kwenye kadi yako milele. Ile ya kuwashia moto nayo nyingine hutiwa rangi ya zambarau ili watu wasiinywe, na hiyo zambarau inaingia kwenye picha yako bila kualikwa. Na sanitaiza ya jeli sio mbadala, ina kitu cha kuifanya iwe nzito, inavutavuta wino kama ute. Ina kazi yake lakini, nitaisema mbele.

Watengenezaji wa wino wanauza pia kimiminika chao cha kuchanganyia rangi. Tofauti na spiriti tupu ni kwamba kinakauka taratibu kidogo na kinaacha mng'ao, wakati spiriti nyingi inaacha uso umefubaa. Ukiwa nacho changanya vyote viwili, usipokuwa nacho maisha yanaenda.

Nianze na rangi ngapi na vifaa gani?

Rangi tatu. Najua unataka kumi na mbili, tatu zinatosha. Mrija, vijiti vya pamba vya masikio, tishu, glavu za naitrili, kichupa chenye mdomo mwembamba cha kuwekea spiriti, na karatasi ya kuokea ya kutandika mezani ambayo baadaye utashangaa imekuwa nzuri kuliko kadi yenyewe.

Haya nimekaa mezani, naanzaje?

Kata kipande chako kwanza, usipake karatasi kubwa halafu ndo ukate, au paka kubwa ukate baadaye kama ni mtu wa kubahatisha, mi nafanya yote mawili kutegemea siku.

Dondosha spiriti kidogo katikati, dimbwi la ukubwa wa sarafu. Sasa tone moja la wino ndani ya hilo dimbwi, moja tu, na mikono juu. Tazama. Wino unafunguka kama unakimbizwa, spiriti inausukuma kwenda nje, katikati panabaki peupe peupe na rangi yote inakusanyika ukingoni, halafu spiriti ikianza kuruka ule ukingo unakauka kwanza na kuacha mstari mwembamba uliokolea kama uliochorwa na peni. Huo mstari ndo watu wanaupenda, na haupatikani kwa brashi.

Hapo una sekunde chache za kuamua. Ukiinamisha karatasi, unatiririka. Ukipuliza kwa mrija kwa karibu unapata vidole virefu, ukipuliza kwa mbali na taratibu unapata kitu kama moshi. Ukidondosha tone la pili la rangi nyingine pembeni ya la kwanza, yanasukumana bila kuingiliana sana. Ukilidondosha juu ya lililokauka, la chini linaamka na kusogea, unapata pete ndani ya pete. Usijaribu kulazimisha. Ukimaliza tone la tatu weka chupa chini, nenda kachukue maji ya kunywa, urudi uangalie kwa macho mapya kama kweli bado inahitaji kitu, mara nyingi haihitaji.

Rangi zangu kila mara zinaishia kuwa tope, shida nini?

Mbili. Ya kwanza umeweka rangi zinazopingana: nyekundu na kijani, bluu na rangi ya chungwa, zambarau na njano. Zikikutana zikiwa majimaji zinatoa kahawia ya mfereji. Chagua zilizo majirani, kama bluu, kijani cha bahari na zambarau, ukitaka inayopinga isubiri mpaka ya kwanza ikauke halafu iguse pembeni tu. Ya pili, unachezea sana. Kila ukipuliza tena unaichanganya tena, na huu wino kwa kuwa unaamka kila ukiguswa hauna siku utasema basi nimeshachanganyika, we ndo useme basi.

Yale maua mepesi kama hariri mnayatoaje?

Dimbwi dogo la spiriti, tone moja la wino katikati, halafu hewa kutoka katikati kwenda nje, mpulizo mmoja mfupi kila upande ukizungusha karatasi. Hiyo ni safu ya kwanza ya petali. Iache ikauke. Rudi katikati na dimbwi dogo zaidi, tone lingine, puliza tena ila usifike mbali kama mwanzo. Safu tatu zinatosha. Kwa wale ambao mapafu yanachoka, draya ya nywele ikiwa kwenye hewa baridi na kasi ya chini inafanya kazi nzuri kuliko mrija, na petali zake zinakuwa pana na laini. Kasi ya juu itakurushia wino mpaka ukutani, uliza ukuta wangu.

Nimekosea, naweza kufuta?

Kwenye Yupo ndio. Kijiti cha pamba chenye spiriti, unapangusa, unabadilisha upande safi, unapangusa tena. Rangi kali kama nyekundu na bluu iliyokolea zinaweza kuacha kivuli, basi kigeuze kiwe sehemu ya picha. Na kufuta kwenyewe ni mbinu: laza stensili juu ya rangi iliyokauka, pangusa kwenye matundu kwa tishu yenye unyevu wa spiriti, usiwe unadondoka, inua, na michoro inatokea meupe. Muhuri wa mpira nao ukiulowesha spiriti kidogo na kuugandamiza unanyanyua wino vile vile. Nilikuwa nafanya kadi hizi kwa wingi kipindi fulani, majani meupe juu ya kijani, na kila mtu alidhani nimechapisha.

Naweza kuandika juu yake? Makapeni inakubali?

Makapeni ya kudumu ni alkoholi. Unaona inakoenda hii. Niliwahi kuandika jina la mtu kwa makapeni nyeusi juu ya bluu safi kabisa, herufi ya kwanza ikakubali, ya pili nikaona ncha ya peni inakusanya bluu, ya tatu ikawa ya kijivu, na ile peni yenyewe haikuwa nyeusi tena mpaka ikaisha. Tumia peni za rangi ya akriliki, zile unazitikisa kwanza, au peni ya jeli nyeupe, na mkono wako usiegemee kwenye picha. Wino mweusi wa mihuri ya kudumu unakubali kwa wengi ila upe muda mrefu wa kukauka, na ujaribu kwenye kipande kilichoharibika kabla ya kadi yenyewe.

Salamu ndefu ziandike ndani, kwenye karatasi ya kawaida. Ndo kazi ya ndani.

Dhahabu inawekwaje? Yangu inazama.

Dhahabu, fedha, shaba na nyeupe sio rangi iliyoyeyuka, ni unga unaoelea, ndo maana kwenye chupa nyingi kuna kagololi kanakogonga. Tikisa kweli kweli, halafu weka kidogo kuliko unavyofikiri na uweke mwishoni kwenye ukingo wa rangi. Ukiiweka mwanzo kwenye dimbwi inalala chini na kukaa madoa mazito.

Nikaushe kwa moto ili niwahi?

Hapana. Acha, ni dakika chache tu. Zile mashine za hewa ya moto za kazi za mikono zinaikunja plastiki mbele ya macho yako, na kuna sababu nyingine hapo chini.

Kuna hatari gani? Nafanyia chumbani.

Hili nisome taratibu. Mvuke wa isopropili unashika moto kirahisi, kiwango chake cha kuwaka ni kama nyuzi joto 12 tu, maana yake kwenye chumba cha kawaida muda wote uko tayari, unasubiri cheche. Na ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hauendi juu, unatambaa chini sakafuni, unaweza kukuta jiko au mshumaa ulio mbali na meza yako. Hakuna sigara, hakuna mshumaa wa manukato, hakuna jiko linalowaka chumba hicho. Umeona watu mtandaoni wanauchoma wino moto ili upate michirizi, mimi sifanyi na sikufundishi.

Fungua madirisha mawili, hewa iingie na itoke. Ukianza kusikia kichwa kizito umeshachelewa kutoka. Barakoa ya kitambaa au ile ya vumbi haizuii mvuke, inazuia chembe tu, unayoihitaji kama unafanya kwa saa nyingi ni ile yenye vichujio vya mvuke wa kemikali. Kwa kadi mbili tatu dirisha linatosha. Unapotumia mrija, puliza, ukivuta pumzi toa mrija mdomoni kwanza. Inaonekana ya kijinga kuisema mpaka siku utakapovuta.

Watoto wadogo wapeni rangi za maji.

Nikimaliza napaka vanishi?

Kadi ya kusimama mezani wiki mbili haihitaji. Ila kama itashikwashikwa, ndio, funga. Usitumie brashi hata siku moja, brashi inasugua na vanishi nyingi zina kiyeyushi, wino unaamka na kufuata brashi. Tumia ya kupulizia, umbali wa sentimita 25 hadi 30, mkono ukitembea muda wote, tabaka jembamba kiasi cha kuona kama hujapuliza kitu, subiri ikauke, rudia mara mbili tatu.

Nilijifunza kwa waridi. Lilikuwa limetoka vizuri sana, la mtu niliyemheshimu, nikawa na haraka kwa sababu kadi ilikuwa inaondoka jioni ile, nikapuliza kwa karibu tabaka moja zito la uhakika. Kwa sekunde tano liling'aa kama kioo. Kisha petali zikaanza kuteleza, taratibu, zote upande mmoja kama zinaitwa, na nikasimama na kopo mkononi sina la kufanya. Kadi ilienda ikiwa na mchoro wa kalamu.

Acha kipande kilale angalau usiku mzima kabla ya kupuliza, na pulizia nje.

Rangi zinafifia?

Zinafifia. Nyingi ni rangi za kuyeyuka na jua ni adui yao, na za waridi na zambarau kwangu ndo zimekuwa za kwanza kuondoka. Kuna spreyi za kukinga miale ya jua, zinachelewesha, hazizuii. Mwambie unayempa asiiweke dirishani, na picha unayoipenda sana ipige picha au iskani siku hiyo hiyo.

Nabandikaje kwenye kadi? Gundi yangu haishiki.

Gundi ya maji inakauka kwa kunywewa na kuruka, na plastiki hainywi, kwa hiyo inakaa mbichi katikati siku nzima halafu inateleza. Tumia tepu ya pande mbili, kingo zote nne na msalaba katikati. Ukitaka picha inyanyuke, vile vipande vya sponji vyenye gundi.

Vipimo ninavyotumia mimi: A4 ya manila ya gramu 250 hadi 300, ikate katikati upate A5 mbili, kila moja ikunje inakuwa A6, milimita 105 kwa 148, na inaingia kwenye bahasha ya C6 bila kubanwa. Kipande cha wino kikate 95 kwa 138 ili kubaki na ukingo mweupe wa milimita 5 kila upande. Ule ukingo usiudharau, bila huo picha inaonekana imemwagika, ukiuweka inaonekana imekusudiwa.

Kabla ya kukunja pitisha mstari kwanza kwa rula na peni iliyokwisha wino. Na jaribu kuipinda manila kidogo pande zote mbili bila kuivunja, upande unaopinda kirahisi ndo nyuzi zinakoelekea, ukikunja kufuata huo mkunjo hautapasuka.

Nataka kadi hamsini zinazofanana.

Haiwezekani kwa mkono, wino huu haujirudii hata ukihesabu matone. Tengeneza moja nzuri, iskani kwa 300 dpi, chapisha. Kadi zilizochapishwa hata hazina shida ya vanishi wala ya peni. Au fanya zote hamsini tofauti kwa rangi zile zile tatu, mi ningefanya hivyo, ila mi sina haraka.

Naweza kujitengenezea wino?

Ndiyo, toa ule utambi wa ndani wa makapeni ya kudumu, ukate vipande, uloweke kwenye isopropili ndani ya kichupa cha kioo chenye mfuniko. Unapata wino mwepesi kiasi, mzuri kwa mazoezi. Rangi za keki usijaribu, nyingi ni za maji, zinakaa juu ya plastiki na kunata.

Mikono yangu ni ya kijani na kesho nina shughuli.

Hapa ndo kazi ya ile sanitaiza. Paka nyingi, sugua, futa kwa tishu, kisha sabuni. Kwenye kucha kutabaki kidogo. Kesho kutwa vaa glavu.

Vilivyoharibika vyote nivifanye nini?

Ukitaka uso wake tena, futa kwa spiriti. Mimi sifuti, naweka kwenye boksi la viatu. Kipande cha tope ukikikata umbo la jani au ndege na kukibandika juu ya manila nyeupe, lile tope linageuka kuwa manyoya. Vyembamba nafanya alama za kusomea vitabu. Na kile kipande cha bluu chenye herufi tatu za kijivu bado ninacho, nimekikata mara nne tayari, kimebaki ukubwa wa stempu na ndo najaribia kila peni mpya kabla haijagusa kadi ya mtu.